Vidole Vitatu na Nusu

Nchi hii ina ugonjwa ambao hospitali haziutibu. Mwonyeshe mtu ukuta wa zamani ulionyooka na ambao haujaanguka, atakuuliza, "Huu ni wa Mjerumani?" Ukuta ukipinda hakuna anayeuliza, kila mtu anajua ni wetu. Daraja lisilozama ni la Mjerumani. Miti iliyopandwa kwenye mstari ni ya Mjerumani. Nimewahi kumsikia mzee mwenye heshima zake akisema kisima cha ukoo wao kilichimbwa na Mjerumani, na babu yake aliyekichimba amezikwa hatua ishirini kutoka hapo. Mjerumani mwenyewe aliondoka zamani za Vita ya Kwanza, lakini kwa jinsi tunavyomtaja ungedhani yuko likizo.

Mimi naitwa Anyelwisye, mtu wa Tukuyu. Nipo Sumbawanga kwa sababu ya barua ya uhamisho, si kwa sababu ya upepo wake, ambao mwezi wa sita unampasua mtu midomo. Kwa miaka tisa nimekuwa ofisa utamaduni katika ofisi ambayo sitaitaja, maana bado inanilipa. Kazi yangu ni kutafuta vikundi vya ngoma wageni wakija, na kuvitafutia usafiri wa kurudi wageni wakiondoka. Nilisoma historia chuo kikuu. Hilo ofisini hawalijui, au wanalijua na wamenisamehe.

Mwaka jana mwezi wa kumi ikaja barua kwamba kufikia Desemba watapita wageni wa utalii, na kila kitengo kitaje vivutio vyake. Mkuu wangu, Bwana Zephania, aliisoma barua ile akiwa amesimama, jambo analolifanya kwa nadra.

"Kule Milanzi kuna kota," akasema. "Zilikuwa sita, imebaki moja. Ile ni ya Mjerumani."

"Nani kasema, Mkuu?"

"We hujauona ukuta wake?"

Akaniagiza nifanye utafiti, nilete ripoti kwamba kota ile ni ya Mjerumani. Nikamuuliza, je, utafiti ukionyesha vingine? Akaniangalia kwa huruma. "Basi utakuwa hujautafiti vizuri."

Nilianzia stoo ya ofisi. Chini ya taipureta mbovu na bendera zilizopauka nikakuta faili la kazi za barabara la mwaka 1954. Ndani yake mlikuwa na orodha ya vifaa vya kujengea nyumba sita za vibarua wa barabara: mabati, misumari, bawaba, mbao za kenchi, mifuko miwili ya saruji. Nikaipitia orodha mara tatu. Matofali hayakuwemo. Mtu hajengi nyumba sita za tofali bila tofali hata moja, kwa hiyo matofali yalipatikana bila kununuliwa. Ukurasa wa mwisho ulisema tu, "Kazi imefanywa na vibarua arobaini." Bawaba zilihesabiwa moja moja. Vibarua hawakutajwa jina hata mmoja.

Siku iliyofuata nikapanda bodaboda hadi Milanzi. Kota Namba Nne ilikuwa pale pale, fupi, nene, bati limekuwa rangi ya chai ya rangi, na mbele yake Bibi Kristiana anapepeta ulezi. Ana miaka sabini na mbili na macho yanayomwona mtu wa serikali tangu akiwa barabarani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umeleta hati yangu?"

Sikuwa nimeleta. Bibi Kristiana amekuwa akiomba hati ya nyumba ile kwa miaka kumi na moja. Baba yake, marehemu Isdori, alikuwa kibarua wa barabara, na msimamizi aliwaahidi kwamba atakayekaa miaka kumi bila kuacha kazi, nyumba ni yake. Karatasi ya ahadi ililiwa na mchwa. Ofisi ya ardhi ikamwambia alete ushahidi kwamba baba yake alihusika na nyumba, na tangu hapo jambo lake liko kwenye mchakato. Watu wamezaliwa, wameoa na wamezaa ndani ya mchakato ule.

Nikamweleza kwa nini nimekuja. Nilipotaja Mjerumani aliacha kupepeta.

"Ikiwa ya Mjerumani, inakuwa ya nani?"

"Ya serikali, Bibi. Mali kale."

"Na mimi?"

Bwana Zephania alikwishasema: miezi mitatu, atoke, ipakwe rangi, iwekwe kibao. Nilimwambia hivyo hivyo. Akaweka ungo chini, akasema, "Pima. Pima vizuri kabisa."

Nikapima. Na hapo, lazima niseme, nilifurahi kuliko nilivyofurahi kazini kwa miaka tisa. Nyumba ile ilijengwa na watu waliokuwa wanajua kubana. Vyumba viwili, kila kimoja futi kumi kwa kumi. Upande mmoja ukuta ulikuwa na makovu ya nyumba ya pili, maana kota zilijengwa mbili mbili, zikigawana ukuta wa katikati ili kuokoa tofali. Mlango na madirisha vilikuwa vya kipimo kimoja, ili seremala asifikiri mara mbili. Msingi ni mawe ya kilimani. Tofali ni za udongo wa kichuguu, na zimeunganishwa kwa udongo huo huo, chokaa ikipakwa nje tu kwenye maungio ili mvua isiingie. Saruji yote ilikuwa kizingitini, ili msimamizi akija akanyage kitu cha kisasa.

"Tofali walifyatua wenyewe," Bibi Kristiana akasema. Alikuwa ananifuata nyuma akishika ncha ya futi kamba. "Wakitoka barabarani saa kumi, wanaingia kichuguuni. Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama. Lakini baba aliendelea kufyatua mpaka nimekuwa msichana, nikawa nambebea maji. Ndiyo nikajua ile alama."

"Alama gani?"

"Tanuru walichoma moja, watu arobaini. Sasa tofali likipasuka, la nani? Kila mtu atasema si langu. Kwa hiyo tofali likiwa bichi, unalibonyeza mgongoni vidole vinne. Kila mtu na mkono wake. Tanuru likifunguliwa, lililopasuka linarudishwa kwa mwenyewe, anafyatua jingine. Hakuna kugombana. Wanakunywa pombe ya ulezi, wanakwenda zao."

"Na ya mzee Isdori ilikuwaje?"

Akanyoosha mkono wake, akakunja kidole cha kati hadi kwenye kiungo. "Hiki kilikatwa na shoka. Yake ilikuwa vidole vitatu na nusu. Milanzi yote hakukuwa na nyingine."

Nikauangalia ukuta. "Ziko wapi hizo alama?"

"Mgongoni mwa tofali. Na mgongo umelaliwa na tofali la juu." Akaupiga ukuta kofi dogo, namna mtu anavyompiga ng'ombe wake mpole. "Zimo humu ndani zote. Jamaa zako wa ardhi niliwaambia. Wakasema, vunja tuone. Sasa mjukuu wangu, nani anavunja nyumba yake ili athibitishe ni yake?"

Niliandika ripoti ya kurasa kumi na moja. Ilikuwa na vipimo, orodha ya 1954, tofali zisizonunuliwa, na maelezo ya Bibi Kristiana kuhusu alama. Bwana Zephania aliisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho.

"Umeandika ilijengwa na vibarua."

"Ndiyo, Mkuu."

"Vibarua wa wapi?"

"Wengine wa hapa. Isdori alitokea Mpui."

Akavua miwani. "Anyelwisye, ndugu yangu. Mgeni apande ndege kutoka kwao, alale Mbeya, apande basi, aje aangalie nyumba iliyojengwa na mtu wa Mpui? Si afadhali aende Mpui kwenyewe?"

"Mwaka 1954 Mjerumani alikuwa ameondoka karibu miaka arobaini, Mkuu."

"Wewe unajuaje kwamba wote waliondoka?"

Kisha akafungua droo, taratibu, akatoa barua yangu ya kuomba uhamisho kurudi Tukuyu, ambako mama yangu anaishi peke yake na miguu inamsumbua. Aliiweka mezani tu, akainyoosha kwa kiganja. Ningependa kusema kwamba nilisimama nikatoka. Sikutoka. Nilichukua kalamu. Pale nilipoandika "ilijengwa na vibarua wa barabara mwaka 1954" nikaandika "inaaminika na wengi kuwa ni ya enzi ya Mjerumani." Nikajiambia kwamba si uongo, maana wengi wanaamini kweli. Kurasa kumi zikaenda kwenye pipa la taka. Mwisho wa ripoti hakukuwa na jina langu. Paliandikwa, "Imeandaliwa na Kitengo." Kitengo hakina vidole.

Nilifikiri mambo yataishia kwenye kibao. Nilikuwa nimesahau nusu ya pili ya ugonjwa. Palipo na Mjerumani pana mali. Kila mtu anajua kwamba Mjerumani alipokimbia alizika rupia na zebaki chini ya nyumba zake. Jeshi lililokuwa linakimbizwa kwa risasi, kwa maelezo yetu, lilipata nafasi ya kutulia na kuchimba mashimo nchi nzima. Ripoti yangu ilipogongwa muhuri tu, ofisini watu wakaanza kunisalimia kwa heshima na kuniuliza kona ipi ya nyumba ndiyo nene zaidi.

Wiki ya kwanza ya Desemba kikaundwa kikosi cha Uchunguzi wa Kina wa Mali Kale Zilizo Chini ya Ardhi. Mwenyekiti, Bwana Zephania. Mtaalamu, mtu mmoja anaitwa Cornelius, aliyekuja na nyaya mbili za shaba na ambaye hakuna aliyemwuliza amesomea wapi. Katibu, mimi.

Tulifika Milanzi saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, ardhi imelainika. Bibi Kristiana aliambiwa atoe kigoda chake nje. Cornelius akaizunguka nyumba na nyaya zake, amefumba macho, mpaka zikapishana kwenye kona ya jikoni. Zilipishana, nadhani, kwa sababu hapo ndipo alipojikwaa.

"Hapa," akasema. "Futi nne. Chuma ni kingi."

"Hapo ni msingi," Bibi Kristiana akasema kutoka kigodani.

"Mjerumani alikuwa anaficha kwenye msingi, Mama."

"Mkuu," nikasema, "hapo kweli ni msingi. Ukuta wenyewe umeungwa kwa udongo." Nilisema kwa sauti ya katibu, ile ya kuomba iandikwe kwamba nilisema.

"Umeandika wewe mwenyewe kwamba ni ya Mjerumani," akajibu Bwana Zephania. "Ya Mjerumani haianguki."

Wakachimba vijana wanne kwa sururu. Jiwe la kwanza likatoka, wakaligeuza, wakaona ni jiwe. Wakatoa la pili. Bibi Kristiana aliinuka, akaja akasimama karibu na shimo, akasema kwa sauti kubwa ambayo sijaisahau, "Jamani, hiyo ni nyumba yangu. Mnachimba nyumba ya mtu!" Bwana Zephania akamwomba asiingilie kazi ya kitaalamu. Mimi nilikuwa nimeshika daftari. Nililishika kwa mikono miwili.

Saa sita kasoro jiwe la tisa likatoka, na kona ikaguna. Vijana waliruka wakatawanyika, na nawashukuru kwa mbio zile. Ukuta wa jikoni ukaegemea nje polepole, ukasita, kisha ukalala wote uwanjani, na bati likafuata nusu. Kuku walitulia baada ya muda. Vumbi lilikaa zaidi.

Lilipotulia tukaona. Udongo ule wa kichuguu ulikuwa umeachia tofali safi, kama ganda linavyoachia yai lililochemshwa. Zililala uwanja mzima, nyingi nzima, migongo juu. Kwenye kila mgongo palikuwa na vidole. Vingine vinene, vingine vyembamba, vya watu ambao faili la stoo halikuwapa majina. Na katikati yao, tofali baada ya tofali, mamia, kidole kizima, kidole nusu, kizima, kizima.

Bibi Kristiana akaokota moja. Akalifuta kwa pindo la kitenge, akaweka vidole vyake kwenye vile vya baba yake. Kisha akatugeukia.

"Mlitaka ushahidi," akasema. "Huo hapo. Chukueni."

Nikaona aibu. Nimeona aibu nyingi ofisini, za kusahau hotuba na za kuchelewa kikao, lakini hii mpaka leo haijanitoka yote.

Cornelius alikuwa amechuchumaa, analichunguza tofali kwa makini. "Inawezekana," akasema, "Mjerumani huyu alikatika kidole."

Wageni walikuja wiki iliyofuata. Kibao kilikuwa kimeshachongwa na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kukizuia, kwa hiyo kikasimama, kimeandikwa KOTA YA MJERUMANI, na mshale wake unaelekeza kwenye kifusi. Bwana Zephania aliwaeleza kwamba nyumba iliharibiwa na mizinga mwaka 1916. Wageni wakapiga picha kwa huzuni. Bibi mmoja miongoni mwao akaonyesha kalenda ya parokia iliyokuwa bado inaning'inia kwenye ukuta uliobaki, imefunguliwa mwezi ule ule wa ziara yao, akauliza ni ya nini. Mkuu akasema ni ya mlinzi.

Mimi sikuwepo, nilihadithiwa. Siku hiyo nilikuwa nimebeba kiroba chenye tofali sita kwenye bodaboda, pamoja na Bibi Kristiana na ile orodha ya 1954, kwenda kumwona ofisa wa ardhi. Nilizipanga mezani kwake moja moja. Niliandika ripoti upya, kurasa zote kumi na moja, na mwishoni nikaweka jina langu lote na saini. Barua yangu ya uhamisho ikaingia kwenye mchakato siku hiyo hiyo. Mama yangu anapiga simu kila Jumapili kuuliza narudi lini.

Mwezi wa pili likaja jibu. Bibi Kristiana, ambaye sasa alikuwa anaishi Mazwi kwa binti yake Edith, kwenye chumba walichohamishwa wajukuu ili kumpisha, aliniita nimsomee. Barua ilisema ofisi imejiridhisha, kwa ushahidi ulioletwa, kwamba jengo lililojulikana kama Kota Namba Nne lilijengwa na marehemu Isdori na wenzake, na kwamba ni mali halali ya bintiye Kristiana. Sentensi ya pili ilisema: hivyo basi, mmiliki anaagizwa kuondoa kifusi chake ndani ya siku kumi na nne.

Nilisita kuisoma hiyo ya pili, lakini niliisoma. Bibi akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyechoka, mpaka Edith akaja kuchungulia.

"Rudia ile ya kwanza," akasema.

Nikarudia. Akaniomba tena. Mara ya tatu alikuwa analia, na hakujificha.

Kifusi hakukiondoa. Alikipanga. Tofali nzima zikapangwa upande, zilizovunjika upande, na mwezi wa sita, upepo ukiwa umepamba moto, akamwita fundi Vitus kutoka Mpui. Vitus akahesabu, akasema zinapungua mia nne. Mimi nikaomba likizo yangu ya mwaka, ya kwanza katika miaka tisa, nikaenda Milanzi na suruali mbovu.

Tulikata udongo kwenye kichuguu kile kile. Edith akapika pombe ya ulezi. Vitus akanionyesha kujaza kalibu, kushindilia kwenye pembe, kukwangua juu kwa ubao, kuinua bila kutikisa. La kwanza langu lilitoka limelegea upande mmoja. Bibi Kristiana alikuwa anapita kwenye safu akibonyeza zake, vidole vinne vyembamba. Akafika kwangu akasimama.

"Weka vidole."

"Mimi si fundi, Bibi. Nasaidia tu."

"Nani kalifyatua hilo?"

"Mimi."

"Basi weka. Likipasuka nijue namrudishia nani."

Nikabonyeza. Udongo ulikuwa wa baridi, na alama ikakaa pale, vidole vinne vizima, vile vile vilivyoshika kalamu ofisini kwa Bwana Zephania. Siku ile nilifyatua tofali thelathini na sita, na zote nikaziweka alama.

Tanuru lilifunguliwa baada ya wiki tatu. Watu wa jirani walikuja, pombe ikagawiwa, na Vitus akawa anatoa tofali moja moja anaita mwenyewe. Zangu zilizopasuka zilikuwa tisa. Hakuna aliyecheka. Bibi Kristiana alizikusanya mwenyewe, akaja akazipanga miguuni pangu, alama juu, na juu yake akaweka kalibu tupu.

"Rudia," akasema.

Nikavua saa, nikachukua ndoo, nikaenda kuchota maji.